Anayegonga Chini ya Mafunjo

Asubuhi ile Rukiah aliamka kama siku zote, akawasha sigiri, akakoroga uji, akamfunga Mahfudha mgongoni, maana ilikuwa Julai ya mwaka wa sabini na saba na baridi haikuwa ya mchezo, ukungu umelala juu ya ziwa hata nyumba za Luzira huzioni. Alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta, na haya alinieleza mwenyewe, tena si mara moja.

Mumewe, Tajudin, alivua kamongo, samaki wa matopeni. Si kwa mtumbwi, mitumbwi askari walikuwa wameizuia. Alivua kwa miguu, juu ya mafunjo yanayoelea pale kinamasi kinapokutana na ziwa. Wavuvi wanayaita mkeka. Unaukanyaga nao unabonyea kama godoro, na chini yake ni maji tu, kina chake hakuna anayekijua. Kwa hiyo unakuwa na mti mrefu. Unachoma mbele kwanza, ndipo unakanyaga. Maji yakifika kifundo cha mguu, unarudi. Penye majani mabichi yanayong'aa hukanyagi kabisa, maana hapo mkeka umechanika na majani yameziba tundu juu juu. Ukitembea, mti unaubeba umelala kifuani, ili ukitumbukia ukuzuie kwenye makwapa.

Wakiwa wawili, aliye mbele husimamisha mti wake na kuugonga kwa bapa la panga: hapa panabeba, njoo. Na wa nyuma lazima ajibu vilevile. Asipojibu, mwenzake anajua ameshatumbukia.

Mwenzake Tajudin alikuwa Bisimwa, Mkongomani. Mkono wake wa kulia uliwahi kuvunjika, kwa hiyo alikuwa na ugongaji wake: ko-ko, halafu, ukishadhani amemaliza, ko. Wiki tatu kabla ya siku hiyo, watu wa usalama wenye miwani myeusi walimtia kwenye buti ya gari, mchana, sokoni Nakawa, watu wanatazama. Hakuna aliyeuliza. Ungemuuliza nani?

Basi Rukiah alipofika na uji wa mumewe, alimkuta amesimama tu ukingoni, mti mkononi, hajavua hata mmoja.

"Sikiliza," akanong'ona.

Ko-ko.

Ko.

"Ni yeye, mama Mahfudha! Amewatoroka, amejificha mle, bambi, maskini. Wiki tatu anakula nini?"

"Baba Mahfudha, usiende. Mtu aliyejificha atagongaje mchana, na askari wako pale bandarini?"

"Wewe! Unaogopa hata birika likichemka." Akacheka, cheko lake la kwanza tangu Bisimwa achukuliwe. "Lete huo uji. Nikirudi naye umpikie chapati, anazisifu chapati zako kuliko za mkewe."

Akajifunga kibuyu cha uji kiunoni, akaingia. Akachoma, akakanyaga. Akachoma, akakanyaga. Mle ndani mkagongwa. Akasimamisha mti, akajibu. Akaendelea. Ukungu ukamla miguu, kisha kiuno.

Rukiah alikuwa akihesabu pumzi zake mwenyewe alipogundua kitu. Mlio ule haukutoka mbele. Ulifika kwenye nyayo zake kabla ya kufika masikioni.

Ulitoka chini.

Na kila ukigongwa, ulikuwa umesogea kuelekea penye majani yanayong'aa.

"Usijibu!" akapiga kelele. Askari wasikie, wasisikie, hakujali. "Taju! Usijibu!"

Hakuwahi kumwita kwa jina. Tajudin akageuka. Uso wake ulikuwa na furaha bado.

Ko-ko.

Ko.

Mkono ulishazoea. Akautoa mti kifuani, akausimamisha, akainua panga.

Mkeka ukafunguka.

Hakupiga ukelele. Ulisikika mchaniko, kama wa shuka kuukuu. Rukiah akakimbia. Hatua moja. Mbili. Maji kwenye kifundo. Ya tatu, maji yakafika kwenye ugoko, na mtoto alikuwa mgongoni.

Akasimama.



Kisha, chini: ko-ko. Ko. Na chini kwa chini, mwingine akajibu. Kwa nguvu, kwa haraka, kama Tajudin.

Mahfudha alikuwa hajaanza hata kusema mama. Akatoa kiganja kwenye leso, akampiga mama yake begani. Mara mbili. Akatulia. Mara moja.

Wanaume waliingia na miti adhuhuri ileile, wakachoma kila mahali. Mkeka ulikuwa mzima. Hakuna tundu. Polisi Rukiah hakwenda, maana wangemuuliza huyo Bisimwa alimjuaje.

Siku ya tatu, baada ya hitima, tuliingia naye chumbani kuchukua nguo. Jua la saa sita lilikuwa linapiga mlangoni. Kwenye saruji, upande aliokuwa akilala Tajudin, palikuwa na umbo la mtu aliyelala ubavu, la maji. Tukapangusa. Likarudi. Ubavuni mwake palikuwa na lingine, dogo, la kitoto. Na Mahfudha alikuwa mgongoni kwa mama yake, mkavu.

Rukiah akahamia Wandegeya, mbali na maji. Mwenye nyumba akavunja sakafu, akamwaga saruji mpya. Haikusaidia. Chumba hakipangishwi, ufunguo ninao mimi, na mimi nina mtoto wangu mchanga, sina pa kwenda.

Umbo kubwa halijabadilika. Dogo, Idd iliyopita nililipima kwa futi ya mshonaji, nikaona limeongezeka vidole vinne. Rukiah alipokuja kututembelea sikumwambia neno. Nilisema nataka kumshonea mtoto gauni, nikamsimamisha Mahfudha mlangoni, nikampima kutoka utosini mpaka kisiginoni.

Vipimo vilikuwa sawasawa.