Mvinyo wa Shelfu ya Chini

Ijumaa jioni supamaketi ile hujaa mpaka unakanyagwa na magurudumu ya toroli na hakuna wa kukuambia pole. Katikati ya zogo hilo, kwenye njia ya vinywaji, alisimama mwanamke aliyevaa gauni la bluu alilolishona mwenyewe, likamkaa sawasawa, ila utepe wa kupimia ulikuwa bado unaning'inia shingoni. Alikuwa fundi wa mapazia na alikuwa amesahau kuuvua. Mikononi alishika chupa mbili za mvinyo, akizitikisa na kuzisikiliza, moja baada ya nyingine.

"Dada, hiyo si dawa ya kikohozi," sauti ikamwambia kutoka chini.

Akainamisha macho. Mwanamume mwenye aproni ya kijani, kalamu nyuma ya sikio, alikuwa amechuchumaa akipanga chupa kwenye shelfu ya chini kabisa.

"Badala ya kunicheka, nisaidie," akasema fundi. "Mimi sinywi. Nataka mzuri, na nataka wa bei ya mtu wa kawaida."

"Basi inama."

"Niiname?"

"Inama, dada. Shelfu iliyo sawa na macho ni ya wenye haraka. Wale wanalipia karatasi ya dhahabu iliyobandikwa kwenye chupa. Na usichukue iliyokaa karibu na taa, joto linaiua. Mzuri wa bei nafuu uko huku chini, kwenye vumbi, pamoja na mimi."

Hilo la "pamoja na mimi" lilimpata fundi bila kujiandaa, akacheka kwa sauti mpaka mama mmoja mwenye toroli akamgeukia. Alikuwa hajacheka kwa miezi. Aliondoka na chupa ya mfuniko wa kuzungusha, na bado anatabasamu alipokuwa anafungua mlango wa nyumbani.

Nyumbani alikuwa na baba yake tu. Mzee alikuwa amehudumia mvinyo kwenye hoteli kubwa kwa miaka thelathini, mtu wa koti jeupe na kitambaa mkononi, mpaka uvimbe ukamwota kooni. Alichomwa mionzi, akakonda, sauti ikabaki ya kukwaruza. Mara ya mwisho daktari alimwambia fundi, "Chochote anachotaka, mpe." Fundi si mtoto. Alielewa, akaenda kulia kwenye ngazi za hospitali. Na mzee alichotaka kilikuwa glasi moja ya mvinyo kila Ijumaa.

Basi mzee akasimuliwa habari za yule mpanga chupa, akaiinua glasi dirishani, akainusa, akanywa funda, akafumba macho.

"Mm. Mwambie huyo Bwana Chupa wako: mwanzo mkali, mwisho laini. Kama marehemu mama yako."

"Baba! Wangu tangu lini?"

"Nenda tena Ijumaa," mzee akasema.

Akaenda. Bwana Chupa, maana jina hilo ndilo lililomganda, aliyasikiliza maneno ya mzee kwa heshima zote, kisha akatoa kalamu sikioni, akaandika kwenye kikadi na kukibandika chini ya chupa: *Mzee anasema: mwanzo mkali, mwisho laini.* Wiki iliyofuata kikaongezeka kingine. Haukupita mwezi, watu wazima na suti zao wakawa wanainama kwenye shelfu ya chini kama wanaotafuta sarafu iliyoanguka, wakisoma mzee anasemaje.

Na simu nazo zikaanza. Ilianza "mzee ameupokeaje?" ikaishia "umekula, mpenzi?"

"Unashona nini leo, Fundi wangu?"

"Pazia la harusi ya watu."

"Na letu utashona lini?"

"Kwanza uje na dirisha," fundi akajibu, na Bwana Chupa akacheka mpaka msimamizi wake akamwita.

Ingekuwa vizuri hadithi iishie hapo. Lakini mambo ya watu hayaendi hivyo.

Jumatatu moja fundi alipitia supamaketi kununua sabuni. Keshia aliyekuwa anamfahamu akamwinamia. "Na wewe ulipewa ule mwekundu? Mzigo mzima umechacha! Watu wanarudisha chupa tangu juzi."

Fundi hakusubiri chenji. Alifika nyumbani, akaichukua chupa ya Ijumaa, akamimina kwenye kijiko na kuonja, yeye asiyekunywa. Siki tupu! Ilimchoma koo. Na mvinyo ule ule ndio aliokuwa anampa baba yake kwa wiki tatu, kwenye koo lile la kidonda. Akapiga simu.

"Umemnywesha baba yangu siki!"

"Nimeuonja asubuhi," Bwana Chupa akasema polepole. "Ni kweli. Makasha yaliwekwa nyuma ya tanuri la mikate, nami sikujua. Fundi, hebu niambie. Mzee alisemaje wiki zote hizo?"

"Alisifu! Alimaliza glasi! Unataka kusema baba yangu ni mwongo?"

Upande wa pili kalamu iligonga kasha. Mara mbili, mara tatu.

"Hapana," akasema. "Kosa ni langu. Ila nakuomba, mzee usimuulize chochote."

"Ahaa! Ulijua! Ulinibambikia mimi kwa sababu sinywi, sitatambua!"

"Fundi wangu..."

"Usiniite wako!"

Akakata. Hasira haikuishia nyumbani, akarudi supamaketi, akaingia ofisini kwa meneja na utepe wake shingoni, akasema mpanga mvinyo wao amemuuzia siki makusudi. Alitoka akijiona ametenda haki. Alipofika kona ya mtaa wake alikuwa analia, wala hakujua analilia nini.

Ikawa nyumba ya huzuni. Mvua ilinyesha wiki nzima, vitambaa vya wateja vikaning'inia sebuleni na kuzuia hata ule mwanga mdogo uliokuwapo. Simu ililia siku mbili, hakuipokea. Siku ya tatu haikulia.

"Bwana Chupa hajambo?" mzee akauliza.

"Hayupo, baba."

"Amekwenda wapi?"

"Baba, nina kazi."

Mzee akageukia dirisha. Tangu siku hiyo akaacha kumaliza chakula chake.

Ile chupa iliyochacha fundi hakuitupa. Aliiweka mezani kando ya pasi, maana siki husafisha uso wa pasi vizuri. Ijumaa ya pili akatoka kupokea kitambaa kwa mteja. Aliporudi na mzigo begani alimkuta mzee amejikongoja mpaka mezani, amevaa shati lake jeupe la kazi, amejimiminia glasi nzima kutoka chupa ile. Akanywa funda. Akafumba macho.

"Mm," mzee akasema. "Huu umetulia."

Mzigo ukamdondoka fundi.

"Baba. Unaonja nini?"

Mzee akaitazama glasi, akamtazama binti yake, akajua ameshikwa.

"Sionji kitu, mwanangu. Tangu ile mionzi. Mdomo wangu ni ubao. Supu na maji ya kuoshea vyombo, kwangu vyote ni kimoja."

"Na yale maneno yote?"

"Ya hotelini hayo. Miaka thelathini nawaambia wageni yale yale, na bahashishi wananipa."

"Sasa kwa nini ulikuwa unanituma kila Ijumaa?" Fundi alikuwa ameshakaa sakafuni.

"Ile siku ya kwanza ulirudi unatabasamu peke yako mlangoni. Nikasema, huko alikotoka binti yangu kuna kitu, na si mvinyo." Akapumzika, maneno yalikuwa yanamchosha. "Mimi naondoka. Tusidanganyane. Sitaki ubaki humu na cherehani tu."

"Nimemfukuza, baba. Nimemharibia kazi."

"Basi kamrudishe. Mimi sina Ijumaa nyingi."

Supamaketi Bwana Chupa hakuwepo. Shelfu ya chini ilikuwa tupu, alama za gundi tu zimebaki pale vilipokuwa vikadi. Keshia akamtazama kwa jicho baya.

"Wamempeleka ghalani, kupakua makasha. Meneja alimuuliza huyo Mzee wa kwenye vikadi ni nani. Akasema hakuna Mzee, nilibuni mwenyewe. Mtu kajichimbia kaburi hivi hivi!"

Fundi alifika ghalani amelowa chapa chapa. Alimkuta kati ya makasha, ovaroli imemzidi mwili, suruali ameikunja mara tatu, kalamu haipo sikioni. Alikuwa ameshaanza kukonda.

"Ulijua baba haonji," akasema bila hata salamu.

"Nilijua siku ile nilipoonja. Mtu wa ulimi kama wake asingemaliza hata funda moja."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie baba yako anakudanganya? Ile ilikuwa siri yake. Kama aliificha, alikuwa na sababu. Ndiyo maana hata meneja sikumtajia."

"Sababu ilikuwa wewe," fundi akasema, akaangua kilio. "Nisamehe."

Bwana Chupa aliweka kasha chini. Hakumkimbilia. "Uliniumiza, Fundi. Sitakuficha. Wala si kazi, kazi ni kazi tu. Kilichoniuma ni wewe kufikiri kwamba naweza kukuchagulia wewe kitu kibovu."

Mvua ilipiga bati juu yao. Mwanamume akavua kofia yake, akamvalisha.

"Mzee anakuita Ijumaa," fundi akanong'ona.

"Nimpelekee nini mtu asiyeonja?"

"Njoo tu."

Alikuja na chupa aliyoinunua ghalani, ya aina ile ile ya shelfu ya chini. Wanaume hao walikuwa wamezungumza miezi yote kupitia kinywa cha fundi, na hiyo ndiyo mara ya kwanza wanapeana mikono. Mzee alikuwa kitandani, ameegemezwa mito mitatu. Bwana Chupa akamimina glasi moja, akamwekea mzee mkononi aishike, kisha akamimina yake na kunywa.

"Nikuelezee, mzee?"

"Polepole. Nimeshinda njaa siku nyingi."

"Unaanza na ukali, wa tunda lililochumwa siku moja kabla halijaiva. Ukiuacha mdomoni unalainika, unajaa. Halafu unapomeza, unabaki ukavu kidogo kwenye fizi, kama chai ya rangi iliyokaa sana na majani yake."

Machozi yalimtoka mzee, yakapita kwenye mashavu yaliyobonyea. "Ndio huo," akasema. "Naukumbuka. Endelea."

Fundi alishindwa kuvumilia, akakimbilia jikoni. Akasikia wananong'onezana, akasikia droo ya kando ya kitanda inafunguliwa, akasikia baba yake anacheka kile kicheko chake cha kukwaruza. Hakukisikia tena. Mzee alifariki Jumanne asubuhi, wakamzika Jumatano, na wale jamaa waliokuja wakaondoka mmoja mmoja mpaka nyumba ikabaki na viti vya watu tu.

Ijumaa mlango ukagongwa. Bwana Chupa alisimama pale na shati jeupe lililopigwa pasi vibaya, chupa imefungwa kwenye gazeti kwapani.

"Sikuja kukusumbua," akasema. "Nimetumwa. Aliniambia nikupe hiki Ijumaa ya kwanza asipokuwepo."

Kilikuwa kikadi kilichokunjwa mara nne.

"Umekisoma?"

"Nilikatazwa."

Fundi akakikunjua. Mwandiko ulikuwa wa baba yake, herufi zimelala, nyingine zimepandana. Akakisoma kwa sauti, sauti ikamkatikia katikati, akaanza upya.

"*Mzee anasema: Huyu ni wa shelfu ya chini. Hana karatasi ya dhahabu. Nimemwonja kwa masikio, hajachacha. Mchukue.*"

Bwana Chupa akatazama viatu vyake. Mtu mzima yule alikuwa analia bila kujificha. "Hilo la mzee nimelisikia," akasema. "Na wewe unasemaje?"

Glasi ya mzee ilikuwa bado kwenye meza ya kitandani, na doa jekundu limekaukia chini yake. Wiki nzima fundi alikuwa ameshindwa kuigusa. Sasa akaichukua, akaiosha, akaifuta taratibu, akatafuta na nyingine, akaziweka zote mbili mezani.

"Mimi sijui kuonja," akasema. "Nichagulie wewe."

Mwanamume akavuta kiti, akafungua chupa.