Koti la Mchumba wa Marcelina

"Dada fundi, na koti la mchumba wangu liangalie. Linambanaga mabegani. Hajui nimelichukua, nataka kumshtukiza."

Marcelina, mteja mgeni kutoka Bunda, aliliweka juu ya cherehani, kando ya gauni lake la harusi lililohitaji kuongezwa kiunoni. Mimba ilikuwa ya miezi minne na hakuona haja ya kuificha.

Fundi Hyasinta aligusa kola, akaitambua. Kola ile aliigeuza mwenyewe mwaka themanini na tatu, vitambaa vilipoadimika Musoma nzima, upande uliochakaa akauficha ndani. Siku hizi mitumba imejaa sokoni, lakini Wenceslaus, mumewe wa miaka sita, mzaliwa wa Butiama, hakuliacha koti hilo. Juzi aliaga anakwenda Kibara kununua samaki.

"Mchumba wako ni wa wapi?"

"Butiama. Ana mwanamke, anamuacha. Masikini, hapatagi siku zake, halafu ana ndevu. Eti kila Jumamosi anajinyoaga na wembe nyuma ya jiko."

Ndevu zile alizijua mtu mmoja tu. Hyasinta alimwonyesha huku analia, naye akamkumbatia akasema ni siri yao wawili. Hilo lilimuuma kuliko hata ile mimba.

"Njoo keshokutwa," alisema.

Marcelina alipoondoka, Hyasinta akakung'uta mifuko kama fundi yeyote kabla ya kushona. Ikadondoka karatasi iliyokunjwa mara nne, cheti chake cha dawa. Miaka mitatu iliyopita daktari alimweleza kwamba mayai yake hayakomai, homoni zimeyumba, lakini vidonge vya kumsaidia vipo. Wenceslaus akakibeba cheti kwenda nacho Mwanza.

"Dawa hamna," alisema aliporudi. "Cheti nimewaachia dukani." Nani angebisha, wakati hata sabuni ilikuwa hamna?

Jioni Wenceslaus akaingia.

"Koti lako liko wapi?"

"Nimelisahau Kibara."

Hyasinta akaliweka mezani, na cheti juu yake. Wenceslaus akakaa chini taratibu.

"Hii dawa uliitafuta hata siku moja?"

"Nilikuwa na Marcelina tayari. Ungezaa, ningemwambia nini?"

"Na ndevu zangu?"

"Tulikuwaga tunacheka tu, Hyasinta."

Hakulia. Alichukua wembe, akafumua kola mbele yake, akaishona tena upande uliochakaa ukiwa nje.

"Vaa. Harusini watu wakuone ulivyo."

Jumatatu alikuwa mbele ya daktari.

"Cheti hiki cha zamani sana, mama. Mzee yuko wapi?"

"Anaoa."

Daktari akaweka cheti mezani. "Unatafuta mtoto?"

"Nikimpata nitashukuru. Kwanza nataka siku zangu, na huu uso niuangalie kwenye kioo bila kulia."

"Ndevu zitachukua muda. Tutaanza na siku zako." Daktari akaandika karatasi mpya, kisha akauliza, "Nani atakufuatia dawa?"

Hyasinta akaipokea, akaikunja, akaitia kwenye mkoba wake.

"Mimi mwenyewe."