Mtani Alisema Risasi Ni Laini, Tukacheka

Tulikuwa watano siku ile nyumbani kwangu Mjimwema, hapa Songea. Mimi Anastasia, mjane wa miaka sabini na sita, shule niliishia darasa la tatu. Mwanangu Deogratias, kitinda mimba wangu. Mkewe, Skolastika. Shemeji yangu Kanisius, mdogo wa marehemu mume wangu. Na Rajabu, Myao wa Mbesa kule Tunduru, aliyewinda na mume wangu tangu ujana wao. Sisi ni Wangoni, kwa hiyo Rajabu ni mtani wetu. Hilo mlishike, ndugu zangu, maana ndilo lililonimaliza...

Deo alikuwa mwindaji mwenye leseni. Kulikuwa na nyati dume, mpweke, mkorofi, ameingia mashamba ya watu na ameshamjeruhi mama mmoja. Kibali kikatoka. Deo akaitwa.

Bunduki alichagua vizuri, simsingizii. Aliiacha ile nyembamba ya kupigia swala, akachukua ya baba yake, yenye mtutu wa kati, wenyewe waliiita tatu-saba-tano. Kanisius akasema hiyo ndiyo ya nyati. Hata Rajabu aliitikia kwa kichwa.

Lakini risasi!

Deo alizimwaga mezani, pembeni ya bakuli la dagaa wa Nyasa. Zote za kichwa laini, zile ambazo zikiingia mwilini zinachanua. Alikuwa ameangusha pofu, yule swala mkubwa, kwa risasi hizo, akazipenda. Rajabu akaokota moja, akaibonyeza ncha kwa ukucha.

"Mngoni wewe, unakwenda kumkuna nyati mgongo? Tafuta za kichwa kigumu, zivunje bega zipite ndani. Hizi zitachanulia kwenye mfupa!"

"Nyamaza, Myao! Babu zetu waliwakimbiza mpaka mkasahau njia ya nyumbani. Leo unifundishe vita?"

"Tulikimbia, ndiyo maana tupo!"

Tulicheka! Skolastika alicheka mpaka togwa ikampalia.

Rajabu akamshika Deo mkono. "Deo, hapa sitanii."

"Ndivyo unavyoanzaga!"

Tukacheka tena, zaidi ya mwanzo. Maana Rajabu aliwahi kuja kuniambia mume wangu kaoa mke wa pili Tunduru, akaanza na "sitanii". Akaja kusema ng'ombe wetu kaingia kanisani anasubiri komunyo, "sitanii". Mtu wa namna hiyo utamjuaje siku anaposema kweli? Niambieni, utamjuaje?

Deo akazikusanya risasi zake. Akaondoka na Kanisius.

Yaliyotokea huko alitusimulia Kanisius. Nyati alisimama ubavu, karibu tu. Deo akalenga bega, akampata pale pale alipotaka! Mnyama akayumba... kisha akaingia kichakani. Damu ilikuwa kidogo mno. Kanisius akamwambia mwanangu, baba, tungoje kwanza. Lakini unamwachaje nyati mwenye jeraha mahali wanapopita akina mama na watoto? Deo akafuata nyayo.

Nyati alikuwa amezunguka, anamsubiri nyuma yake.

Deo aliwahi kufyatua mara moja. Risasi ikapiga shina la pembe, ikasambaratika. Ilikuwa laini, kama zote. Nyati akamfikia kwa pembe. Kanisius na watu wa mashambani walimbeba kwenye machela ya miti kuelekea barabarani. Barabarani hakufika akiwa hai... Mungu wangu!

Siku ya maziko watu walimngoja Rajabu. Mnajua mila zetu, mtani ndiye anayechekesha msibani ili wafiwa wapumue. Akaja. Akaingia kaburini na kandambili zake, akajilaza, akapiga kelele: "Deo, tafuta pengine! Hapa ni pangu, mimi ndiye mzee!"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa karibu na ukingo, nikaona machozi yanamwingia masikioni. Hakuwa anatania! Na kwa mara ya pili hakuna mwingine aliyejua.

Baadaye wengine walimuua yule nyati. Kanisius akaniletea risasi iliyotolewa begani. Imetanuka kama kofia ya uyoga, imekwama kabla ya kuvuka mfupa. Vile vile alivyosema Rajabu.

Skolastika alirudi kwao na mjukuu wangu. Simlaumu, bado kijana. Rajabu huja mara chache. Zamani alinianza na matusi ya utani kabla hajavuka mlango. Sasa anakaa kwenye ukingo wa kiti, "habari za siku nyingi, mama," kama mgeni aliyepotea njia. Nami namtilia togwa, anakunywa, anaaga. Nilizika mwana, nikapoteza na mtani.

Ninyi wenye waume na wana wanaowinda, nawasihi... Bunduki nzuri haitoshi. Risasi iliyomfaa pofu haimfai nyati. Na mtani akisema "sitanii", mtoeni nje, mkamuulize upya pasipo watu wa kucheka. Mimi sikufanya hivyo. Kwangu mafunzo haya hayana kazi tena, sina tena mwana mwindaji wa kumfundisha.

Nimeandika kama ninavyokumbuka, na majina ya watu huwa siyasahau. Lakini Skolastika, Kanisius, kama mnasoma hapa na nimekosea, nisahihisheni. Kama kuna mmoja wetu ambaye hakucheka siku ile, aseme. Ningefurahi mno kuambiwa kuwa nimekosea.