Kigingi cha Kona ya Nne

Jumamosi, tarehe 31 Agosti. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, kisha ikakatika ghafla, na mvuke ukawa unapanda kutoka ardhini kama chungu kilichofunuliwa. Tiresa, msichana wa miaka kumi na miwili, alifagia ua, akawapelekea nguruwe maganda ya magimbi, kisha akakimbilia kiwanja cha kanisa kabla hata ya kunywa kakao.

Kijiji kilikuwa kinajenga ukumbi wa watoto. Tiresa alikuwa amechaguliwa kughani aya za kufungua Jumapili ya Watoto, mwezi Oktoba, naye alitaka kughani ndani ya ukumbi huo, si kwingine. Usingizini alighani, njiani alighani.

Shangazi yake, Malaea, mhandisi kutoka mji mkuu, Apia, alikuwa anapima ardhi penye vigingi vinne vilivyoonyesha kona za ukumbi. Kipimo chake kilikuwa fimbo ya chuma yenye ncha, na juu yake nyundo nzito ya kuinuliwa na kuachiwa ianguke.

"Ikizama kwa mapigo machache, udongo ni laini, haubebi nguzo," alisema. "Ikidai mapigo mengi, hapo pana nguvu."

Katika kona tatu fimbo ilizama kiasi cha goti, ikagonga mwamba. Kisha shangazi akaitwa kula.

Tiresa hakuweza kungoja. Yeye na binamu yake Lagi wakaijaribu kona ya nne. Fimbo ilizama yote, kama kijiko kwenye uji.

"Basi tena," Lagi akacheka. "Utaghani chini ya turubai, kuku wakuitikie amina."

"Hebu nyamaza."

Hatua chache kando palikuwa na umu ya zamani ya bibi yao, shimo la kuokea chakula, ambamo mawe ya moto yalifukiwa zamani. Tiresa aling'oa kigingi, akakichomeka juu ya mawe yale, akasawazisha tope kwa unyayo. Shangazi aliporudi, fimbo ilizama kiasi cha goti, ikagoma.

"Mwamba uleule," akasema kwa furaha. "Jumatatu tunamimina zege."

Alipoondoka, watoto wakakirudisha kigingi mahali pake.

Tangu hapo Tiresa hakutulia. Aliketi, akainuka. Alichota maji ambayo hakuna aliyeyataka. Kila alipofumba macho aliona watoto wadogo wamekaa kwenye kona ile, na nguzo inainama juu yao.

Jioni kombe la baharini likapulizwa kama baragumu, familia ikaketi mkekani kwa sala. Baba yake, Vaitoa, akaomba, "Ee Bwana, simamisha ukumbi wa watoto juu ya mwamba."

"Baba, hakuna mwamba," Tiresa akasema.

Baba akafumbua macho. "Unakatiza sala?"

"Kona ya nne ni tope. Kigingi nilikihamishia kwenye mawe ya umu."

Wote wakamgeukia Lagi.

"Mimi nilikuwa naangalia tu," Lagi akasema.

"Uliinua nyundo," Tiresa akamjibu.

"Naam. Niliangalia huku nimeinua."

Hakuna aliyecheka. Baba alitaka kusema, lakini Malaea akamgusa mkono. "Kaka, maliza kwanza sala. Jumatatu tutapima upya."

Jumatatu mapema, mbele ya mafundi na wazee wa kijiji, Malaea alipima penye kigingi. Fimbo ikazama yote. Akaamuru tope lichimbwe mpaka penye ardhi ngumu na shimo lishindiliwe mawe. Kazi ingechukua wiki nyingi. Ukumbi usingewahi Jumapili ya Watoto.

Tiresa akainamisha kichwa.

"Inua uso, mwanangu," shangazi akasema. "Hata mimi nimekosea, sikupima mara ya pili pembeni. Sikiliza. Udongo laini si aibu, una dawa yake. Ila ukifichwa hauponi, unangoja tu watu wakae chini ya paa. Ndivyo ulivyo uongo. Umesema kabla ya zege, kwa hiyo leo tunachimba shimo la nguzo, si kaburi."

Tiresa aliwatazama wazee, baba yake na mafundi waliokwisha kushika majembe. Akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote, naahidi: nitakachokiona ndicho nitakachosema, hata kama kinaniharibia ninachokitaka."