Nani Alikwambia Naolewa?

"Lakini wewe si unarudi Nepali kuolewa?"

Prakriti alidhani amesikia vibaya. Alikuwa ameingia ofisini kwa Profesa Sigbjørn kuuliza jambo moja tu: kwa nini kila chuo alichoomba kusomea uzamivu wa uchumi kimemkataa. Mvua ya Bergen ilikuwa inapiga kioo kama desturi yake, na mzee alikuwa anamenya chungwa.

"Nani alikwambia naolewa?"

"Tojo." Profesa akaliweka chungwa chini. "Kabla ya Krismasi nilimuuliza, kati yenu wawili nani anaitaka zaidi nafasi ya Stockholm. Wenzangu wa kule nikimsifia mmoja wananisikiliza. Nikisifia wawili, hawamsikii hata mmoja. Akasema mambo yako yameshapangwa nyumbani. Nikaona nisikusumbue. Nilikuandikia vizuri, Prakriti. Ila sikukupigia debe."

Prakriti akashukuru, akatoka. Akakaa kwenye ngazi.

Yeye na Tojo walifika Bergen mwezi mmoja, kwa ufadhili mmoja, ule unaochukua vijana wa nchi masikini na kuwaweka miaka miwili chini ya maprofesa, wasafishe takwimu na kupiga hesabu za tafiti zao, ili mwisho wake wafunguliwe mlango wa uzamivu. Yeye alitoka Butwal, binti wa mwalimu wa shule ya msingi. Tojo alitoka Antsirabe, Madagaska, mtoto wa kwanza wa mama mshonaji. Walipewa meza zinazotazamana. Majira ya baridi ya kwanza giza lilimwelemea Tojo mpaka akaacha kula, na Prakriti akaanza kumpikia dengu na wali. Alipopata nafuu akapata na mdomo: mkate wenye jibini la kahawia wanaokula Wanorwe mchana akauita chakula cha mahabusu, na Prakriti akacheka mpaka machozi. Mapenzi yakaanzia hapo. Wakaahidiana kuomba vyuo pamoja na kuondoka pamoja.

Suala la kuolewa alilijua Tojo peke yake. Mama yake Prakriti alipiga simu siku moja, akasema amempata mhandisi wa Kathmandu, mtu wa heshima, umri nao haumsubiri mtu. Prakriti alikataa, kisha akalia begani kwa Tojo. Sasa ndipo akaelewa kwamba machozi yale yalimfikia profesa yakiwa yamekatwa nusu.

Kilichomuuma zaidi ni sherehe. Wiki mbili nyuma Tojo alipopata jibu la Stockholm, ni yeye Prakriti aliyempikia, akawaalika wenzao, akasimama mbele ya watu kumpongeza.

Akatoa simu. "Uko wapi?"

Jibu likaja papo hapo. "Nyumbani mpenzi. Naunguza wali wako. Njoo uuokoe."

Akapanda mlima kwa miguu katikati ya mvua. Tojo akamfungulia mlango na mwiko mkononi, na kabla hajamtania, Prakriti akasema:

"Sigbjørn ameniambia."

Tojo hakuuliza ameambiwa nini. Alirudi akazima jiko. Hapo ndipo tumaini la mwisho la Prakriti lilipokatika.

"Nilitaka kukwambia."

"Lini?"

Tojo akafunika sufuria.

"Aliniuliza ghafla, tuko mezani," Tojo akasema. "Nikamjibu mama yako amekutafutia mchumba. Si ni kweli?"

"Na mimi nilimjibu nini mama? Ulikuwa umekaa hapo hapo ulipo, Tojo. Nilimjibu nini?"

"Ulikataa."

"Hilo ulimwambia profesa?"

"Sikumwambia."

"Ulisahau, au uliliacha makusudi?"

Tojo akamtazama. "Nikisema nilisahau, utaniamini?"

"Nitakuamini. Ndiyo maana nakuuliza."

Mwanaume yule angeweza kudanganya, na nadhani mapenzi yao yangepona. Akakaa kitini, mwiko bado mkononi.

"Niliacha makusudi. Wewe unanishinda. Sigbjørn anajua, mimi najua. Angefikiri kidogo tu, nafasi ingekuwa yako. Nikamwona mama yangu, anashona mpaka macho yanamwisha, ananisubiri."

"Na wa kwangu ana macho ya akiba?"

Tojo akaanza kulia. Akasema kesho asubuhi anaikataa Stockholm. Prakriti akamwambia akiikataa hatapewa yeye, atapewa mtu wasiyemjua. Basi waoane, Tojo akasema, waende wote, kibali cha mke kinapatikana.

"Nije kama mkeo," Prakriti akasema taratibu. "Nikupikie dengu, ukitoka darasani unihadithie mlichosoma. Hivyo?"

"Nakupenda, Prakriti."

"Najua. Siku ile mezani pia ulikuwa unanipenda. Hilo ndilo linaloniua."

Akashuka mlima bila kugusa chakula.

Kesho yake Tojo alikwenda mwenyewe kwa profesa na kueleza yote. Mzee akapiga simu Stockholm, akaambiwa nafasi zimejaa. Akahangaikia fedha za kumbakiza Prakriti mwaka wa tatu, zikakosekana. Bila ufadhili, kibali cha kuishi nacho kingeisha. Mwisho akamwita.

"Naweza kuwaandikia Stockholm nifute niliyosema kuhusu Tojo," akasema, uso umemwiva kwa aibu. "Ukitaka, nitafanya leo."

Prakriti alijua neno moja lake lingemrudisha Tojo Antsirabe mikono mitupu.

"Kazi yake ni mbaya?"

"Hapana. Ni nzuri sana."

"Basi uliandika kweli. Barua yake iache. Andika upya ya kwangu."

Mwezi Julai akafungasha. Tojo alimsindikiza mpaka kituo cha basi la uwanja wa ndege, wakasimama kama watu waliokutana foleni. Basi lilipoanza kuondoka Prakriti aliona midomo ya Tojo ikisema kitu. Hakusikia, na hakuuliza kamwe.

Butwal ikampokea kwa minong'ono. Binti kaenda Ulaya, karudi bila cheo na bila mume. Mhandisi wa Kathmandu alikuja kunywa chai, Prakriti akamkataa kwa adabu, na mama yake akamnunia msimu mzima wa mvua. Akapata kibarua cha kufundisha chuo cha mjini, na kila alfajiri kabla ya vipindi akaandika utafiti wake kuhusu wake wa wanaume waliokwenda kufanya kazi Ghuba. Sigbjørn alisoma kila ukurasa. Safari hii alimpigia debe mpaka sauti ikamkauka, na mwaka uliofuata Prakriti akapata nafasi Copenhagen. Mama yake alilia, akasema afadhali yule mhandisi alimpita.

Habari zikamfikia Tojo. Usiku huo huo akaandika kutoka Stockholm:

"Nimesikia. Hakuna anayestahili kukuzidi. Kutoka huku ni treni tu. Nije kukupokea?"

Prakriti alikaa na simu mapajani mpaka chai ikapoa. Kisha akajibu:

"Bado nakupenda. Ndiyo maana nakuomba usije."

Mwezi wa Agosti, alipotoka na mizigo uwanja wa ndege wa Copenhagen, macho yake yalipita uso kwa uso kati ya waliokuja kupokea watu wao, wenye maua, wenye watoto mabegani. Akawatazama wote mpaka wa mwisho.

Tojo hakuwepo. Alikuwa ametii.