Mkia wa Moshi Umefika Mitunguu

Wawira alikuwa anakamua ng'ombe wake pale Githongo. Majivu mepesi yalianguka ndani ya maziwa. Moto ulikuwa unachoma msitu wa Mlima Kenya, na moshi ulijaa kijijini. Ndani ya nyumba, binti yake Mukami alikohoa. Mukami ana pumu.

"Mama, kifua kinabana."

Wawira alimpa dawa yake ya kuvuta. Akamfunga kitambaa chenye maji puani. Kisha akamwita mumewe, Marete.

"Baba Mukami, huyu mtoto hawezi kukaa hapa."

"Twende Mitunguu kwa dada yangu Beverlyne. Moto uko juu. Tukishuka kule chini kwenye mashamba ya ndizi, moshi utatupata wapi?"

Kijiji kizima kilisema hivyo: moto ukiwa juu, kimbilia chini. Walikuwa wanapakia gari wakati jirani yao Gitobu, mhudumu wa afya ya jamii, alipofika.

"Mnahamia wapi?"

"Mitunguu."

"Mungu wangu! Moshi nao unaenda huko huko!"

Gitobu alitoa simu. "Oneni. Hii picha ni ya leo. Imepigwa na setilaiti, chombo kinachozunguka dunia huko juu kabisa. Kinaona mlima wote mara moja."

Marete alicheka. "Si hayo ni mawingu tu?"

"Wingu ni jeupe, lina mabonge kama pamba. Moshi ni wa kijivu, na una mkia. Fuata mkia mpaka mwanzo wake. Unaona? Unatoka kwenye moto. Jana ulifika kwetu tu. Leo umetupita, umefika Mitunguu!"

Wawira alishika simu kwa mikono miwili. Kwenye picha, upande wa Embu ulikuwa kijani kitupu, bila moshi.

"Na hapa ni Manyatta! Kwa mama!"

"Ndiyo, ni safi. Lakini upepo hugeuka baada ya picha kupigwa. Piga simu uulize kwanza. Na hicho kitambaa mvue mtoto. Maji hayazuii moshi huu, yanamziba pumzi tu."

Marete alikunja uso. "Mwanaume mzima nikimbilie kwa wakwe? Watasema nimeolewa."

"Waseme, bora mtoto apumue," Wawira alijibu. Alikuwa ameshapiga simu. Mama yake alisema anga ni safi, ameanika maharagwe nje.

Marete naye alimpigia Beverlyne. Dada alikohoa kabla ya kusalimia.

"Kaka, msije! Hata mgomba wa mlangoni siuoni!"

Marete aliachama. Kisha akapaza sauti kwenye simu. "Beba watoto, uje Manyatta!"

"Kwa wakwe zako?"

"Kwa wakwe zangu! Njoo!"

Walifunga vioo vya gari, wakaenda.

Tangu siku hiyo, Marete hanywi chai kabla ya kutazama picha ya setilaiti kwenye simu. Huilinganisha na ya jana, kisha huwapigia majirani wa Githongo: "Leo mkia umegeukia huko kwenu! Fungeni madirisha, msiwashe kuni!" Mama mkwe naye humwita aje amwonyeshe.

Jioni ile ya kwanza pale Manyatta, Wawira aliweka sikio kwenye mgongo wa Mukami. Kifua hakikupiga mluzi. Pumzi iliingia, ikatoka. Alisikiliza tena, akimshukuru Mungu kimoyomoyo.

"Mama, wacha!" Mukami alicheka. "Unanitekenya!"