Kumi na Tano kwa Mia, kwa Penseli

— Kumi na tano kwa mia, Rachida. Sitakudanganya.

Laurent aliandika ile 15% kwa penseli kwenye pembe ya farde ya Rachida, lile jalada la bulu la karatasi zake, akaizungushia duara. Ndiyo mazoea yake. Alikuwa assistant, mwalimu msaidizi, wa fakilte ya médecine, ile ya udaktari, kwenye unif ya État, chuo kikuu cha serikali, na kila mwaka matokeo ya Examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari, yakitoka, watoto wa Katuba walimletea farde zenye bulletins za alama zao awapimie kama watapokelewa. Yeye anaandika, wao wanaamini.

— Lakini niko na 71, Laurent. Ku nyumba walinimwangia poudre ya kushangilia mpaka nyusi zikakuwa nyeupe.

— Poudre banamwangia kila muntu. Bale ba 80 beko bengi. Kamata pédagogie, ukuye mwalimu, unamaliza mbio, tunaoana. Bibi yangu hatakuwa mutu wa kulala kazini ku hôpital.

Simu yake ikalia. Akajibu message huku akitabasamu.

— Ni mama, akasema. Leka farde hapa, nitakupelekea. Kesho quinze heures, saa tisa, banafunga kupokea farde.

— Apana. Nitapeleka miye mwenyewe.

Rachida alirudi kwao akilia. Na alimpenda, jamani, msimcheke. Alimpenda tangu Laurent alipokuwa akimfundisha kemia. Miezi minane alipigana na baba yake, Papa Asani, Mwislamu wa Maniema ambaye hakutaka kusikia habari ya mkwe Mkatoliki wa Kasai. Mzee alilegea, akaipokea barua ya posa, akaifungia kabatini. Sasa kama Laurent amesema pédagogie, basi pédagogie.

Kesho yake alipanga foleni ya pédagogie pale unif. Foleni ya médecine ilikuwa pembeni, na msichana mmoja wa foleni hiyo akamgusa bega.

— Yaya, dada yangu, uko na gundi? Photo yangu imebanduka.

Rachida alimpa gundi, macho yakaangukia farde ya yule msichana. Kwenye pembe, penseli. 80%, ndani ya duara. Mkono ule aliujua.

— Nani alikuandikia hii?

— Assistant Laurent. Unamuyua? Miye ni Feza, wa Kasungami.

— Ulipata ngapi, Feza?

Feza akatazama chini.

— 53. Lakini alisema atanisukuma.

— Atakusukuma namna gani?

Feza alitoa simu, akamwonyesha message.

"53 ni kidogo lakini kwangu uko na 80. Dimanche hakuna kazi, tunaenda Mokambo, nimekamata chumba ku hôtel. Ukuye peke yako. Usiambie muntu."

Saa ilikuwa pale pale juu, 17:52 ya jana. Dakika ile Rachida alikuwa amekaa mbele ya Laurent, machozi machoni, naye akisema anamjibu mama.

Kinyaa kikampanda Rachida. Alivikumbuka vidole vile vikishika penseli, kisha vikimshika shavu, akatamani kunawa uso hapo hapo. Mwanaume mzima, na tai yake, anapima watoto wa watu kama nyama sokoni! Yule anayetaka kumfungia nyumbani anampunguzia. Yule anayetaka kumlaza Mokambo anamwongezea.

— Utaenda, Feza?

— Siyue, yaya.

— Basi usiende. Angalia ku valves pale, soma.

Kwenye lile bao la matangazo, karatasi ya fakilte ilikuwa wazi: kuingia concours ya médecine, mtihani wa kuchuja wanaotaka nafasi, 60% na zaidi. Laurent aliijua karatasi hiyo. Yeye ndiye aliyeibandika.

— Kwa hiyo miye hawataniingiza, Feza akasema polepole.

— Weye njo alikudanganya kwa kupanda. Miye alinidanganya kwa kushuka. Nitumie ile message, halafu tubadilishane foleni.

Wakabadilishana. Maman Léonie wa sekretariati ya médecine aliipokea farde ya Rachida, akaigeuza.

— Na hii 15 ni ya nini, mutoto?

— Ni uchafu, Maman. Niazime gomu nifute.

Jioni Laurent alipiga.

— Umepeleka?

— Nimepeleka.

Hakuuliza wapi. Wiki zile zote Rachida alimjibu kwa neno moja moja, akiisomea concours.

Siku majina ya waliofaulu concours yalipobandikwa, Rachida alikuwa wa kumi na tisa. Kabla ya magharibi Laurent alifika Katuba, kopo la poudre mkononi, meno nje.

— Papa Asani, niliwaambia! Huyu mutoto nilimupima miye mwenyewe!

Rachida aliangalia lile tabasamu, akashangaa kwamba aliwahi kulisubiri barabarani.

— Papa, soma hii kwanza.

Papa Asani alivaa miwani, akasoma message ya Mokambo mara mbili. Aliinuka, akafungua kabati, akampa binti yake ile barua ya posa.

— Ule mutoto ya batu njo ilinisumbua tu, Laurent akaanza. Papa, bale ba Kasungami...

— Feza alipeleka message kwa doyen, mukubwa wa fakilte, leo asubuhi, Rachida akamkatiza. Utamwelezea yeye.

Laurent akaficha kopo la poudre nyuma ya mgongo. Rachida alichukua penseli mezani, akaandika kwenye pembe ya barua, akazungushia duara, akamrudishia.

Laurent akasoma 0%.

— Hii ni nini, Rachida?

— Chance yako, Assistant. Sitakudanganya.